Dakika 78 za Fabrice Muamba

Mbele ya Fabrice Muamba alikuwapo Scott Parker, kiungo wa Tottenham Hotspur. Ghafla wakawa Scott Parker wawili. Kichwa kilikuwa chepesi kwa namna ambayo hakuwahi kuihisi uwanjani. Beki wa timu yake, Dedryck Boyata, alikuwa akimpigia kelele arudi nyuma kusaidia kuzuia, na Muamba alimsikia, lakini mwili ulikuwa umekwisha kumtoka. Hakuhisi maumivu ya kifua. Alianguka kifudifudi kwenye nyasi za White Hart Lane, London, bila kuguswa na mchezaji yeyote. Ilikuwa Jumamosi jioni, Machi 17, 2012, robo fainali ya Kombe la FA kati ya Tottenham na Bolton Wanderers, matokeo yakiwa 1–1 na mapumziko yakikaribia. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Hayo ndiyo aliyoweza kuyasimulia mwenyewe baadaye, kwenye mahojiano na katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka huohuo. Baada ya hapo kumbukumbu zake zinakatika. Sehemu kubwa ya kisa chake, ile inayoeleza kwa nini yu hai, iko mikononi mwa watu wengine, kwa sababu wao ndio waliokuwa macho.

Muamba alizaliwa Kinshasa mwaka 1988, nchi ikiitwa Zaire. Baba yake alikimbilia Uingereza kwa sababu za kisiasa, na mwaka 1999 familia ikamfuata. Kijana wa miaka 11 akajikuta London akiwa hajui Kiingereza. Ndani ya miaka michache alikuwa amefaulu mitihani ya shule, ameingia katika kituo cha vijana cha Arsenal, na baadaye akachezea timu ya taifa ya England ya chini ya miaka 21. Bolton walimsajili mwaka 2008. Kazi yake uwanjani ilikuwa kukimbia kuliko wengine: kukata mipira, kupanda na kushuka, kuwafunikia wenzake. Moyo wake ulikuwa umepimwa na madaktari zaidi ya mara moja katika miaka ya uchezaji, na hakuna lililoonekana.

Mwamuzi Howard Webb alisimamisha mchezo, na madaktari wa timu zote mbili wakaingia mbio. Jukwaani, miongoni mwa mashabiki wa Tottenham, alikuwapo Andrew Deaner, daktari bingwa wa moyo wa hospitali ya London Chest, aliyekuja kutazama mpira na ndugu zake. Alipoona kijana ameanguka peke yake, hajitikisi, na waliomzunguka wameanza kumkandamiza kifua, alitambua kinachotokea. Akashuka ngazi, akamwomba msimamizi wa jukwaa ampishe, na yule msimamizi akampisha. Hilo la kupishwa ni jambo dogo kulitaja, lakini lilihitaji mtu wa kuamua kwa sekunde kadhaa kwamba kanuni ya kuzuia mashabiki kuingia uwanjani haikutungwa kwa ajili ya saa kama ile.

Moyo wa Muamba ulishtuliwa kwa umeme mara mbili uwanjani, mara moja kwenye njia ya kuelekea vyumba vya wachezaji, na mara 12 ndani ya gari la wagonjwa. Haukuitikia. Deaner alishauri wamfikishe London Chest, hospitali yenye wataalamu na vifaa vya moyo, ingawa kulikuwa na hospitali nyingine iliyo karibu zaidi. Dakika 48 zilipita tangu aanguke hadi alipofikishwa, na nyingine 30 wodini kabla moyo haujaanza kupiga wenyewe. Jumla yake ni dakika 78. Muda wote huo, damu iliyofika kwenye ubongo wake ilisukumwa na mikono ya watu waliopokezana kumbonyeza kifua bila kuacha.

Hofu kubwa ya madaktari ilikuwa ubongo. Alipozinduka, Deaner alimwinamia na kumuuliza jina lake, akalitaja. Daktari akamwambia amesikia kwamba yeye ni mchezaji mzuri sana wa mpira, na Muamba akajibu kwamba anajitahidi. Katika jibu lile la maneno machache daktari alipata alichokuwa akikitafuta: kijana anajijua, anasikia, anaelewa, na unyenyekevu wake uko palepale. Katikati ya Aprili aliruhusiwa kurudi nyumbani.

Wengi waliita muujiza. Muamba ni mtu wa imani, na shukrani zake kwa Mungu hajawahi kuzificha. Lakini ukizipitia dakika zile moja baada ya nyingine, kila hatua imebebwa na mtu aliyekuwa amejifunza kitu kabla ya siku ile: aliyejua kutambua kwamba moyo umesimama, aliyejua kubonyeza, aliyeleta mashine, aliyejua hospitali ipi inafaa. Bahati ilikuwapo pia, maana daktari bingwa wa moyo hakai jukwaani kila Jumamosi. Swali ambalo kisa hiki kinaliacha mezani ni hili: ni kiasi gani cha bahati ile kinaweza kuandaliwa mapema?

Miaka tisa kabla yake, Afrika ilikuwa imemwona mwanawe akianguka na asiamke. Juni 26, 2003, katika uwanja wa Gerland mjini Lyon, Cameroon ilikuwa ikicheza na Colombia nusu fainali ya Kombe la Mabara. Dakika ya 72, Marc-Vivien Foé, kiungo wa miaka 28, alianguka katika duara la kati akiwa hana mtu karibu. Alibebwa kwa machela hadi nje ya uwanja, na madaktari wakahangaika kwa takriban dakika 45 kuurudisha moyo wake. Haukurudi. Uchunguzi wa mwili ulionyesha kwamba alikuwa na ugonjwa wa kurithi unaoufanya msuli wa moyo kuwa mnene kupita kiasi, na moja ya sababu kuu za vijana wanaoonekana wazima kufa ghafla michezoni ni ugonjwa huo.

Moyo kusimama ghafla ni tofauti na lile shambulio la moyo linalotajwa kila siku. Katika shambulio la moyo mshipa unaopeleka damu kwenye msuli wa moyo huziba. Mgonjwa mara nyingi yu macho, ameshika kifua, jasho linamtoka. Moyo unaposimama ghafla, kinachoharibika ni mpangilio wa umeme unaouamrisha kupiga. Badala ya kubana na kuachia kwa pamoja, vyumba vya chini vya moyo hutetemeka ovyo, kama wapiga ngoma waliopoteana, kila mmoja na mdundo wake. Damu haiendi popote. Ndani ya sekunde chache mtu hupoteza fahamu, na baada ya dakika nne hadi sita ubongo usiopata hewa huanza kuharibika. Kila dakika inayopita bila kubonyezwa kifua na bila kushtuliwa kwa umeme hupunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 7 hadi 10.

Kwa hesabu hiyo, gari la wagonjwa linalofika baada ya dakika 15 linakuta matokeo yamekwisha kuamuliwa na waliokuwa karibu.

Ushahidi wa wazi ulitoka mahali ambapo wengi wasingetarajia. Katika kumbi za kamari za Las Vegas, walinzi wa kawaida walifundishwa kubonyeza kifua na kutumia mashine ya kushtua moyo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000 katika jarida la tiba la New England. Kwa walioonekana wakianguka na kushtuliwa ndani ya dakika tatu, asilimia 74 walitoka hospitalini wakiwa hai. Waliocheleweshwa zaidi ya dakika tatu, walionusurika walikuwa asilimia 49. Walinzi wale hawakuwa madaktari wala wauguzi. Walikuwa wamefundishwa, na mashine ilikuwa karibu.

Denmark iliifanya elimu hiyo kuwa ya taifa zima. Mwaka 2005 ikaiingiza katika shule za msingi, na mwaka uliofuata ikawa sharti kwa anayetaka leseni ya udereva. Watafiti wa nchi hiyo walipofuatilia watu wote ambao moyo wao ulisimama nje ya hospitali, waligundua kwamba mwaka 2001 ni asilimia 21 tu waliokuwa wamebonyezwa kifua na watu waliokuwa karibu. Kufikia mwaka 2010 walikuwa karibu asilimia 45. Waliokuwa hai siku 30 baadaye walipanda kutoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Mambo mengine yalisaidia pia, zikiwamo huduma bora za hospitali, lakini mikono ya raia ilikuwa imeingia kazini.

Ni katika nchi hiyohiyo, Juni 12, 2021, uwanja wa Parken jijini Copenhagen, Christian Eriksen aliukimbilia mpira wa kurushwa, ukamgonga goti, naye akaanguka. Denmark ilikuwa ikicheza na Finland katika fainali za Ulaya. Mwamuzi Anthony Taylor alipuliza filimbi papo hapo na kuwaita madaktari. Nahodha Simon Kjær alikuwa miongoni mwa wa kwanza kumfikia. Akamweka sawa, akahakikisha hewa inapita, kisha akawapanga wenzake duara, migongo kwa mgonjwa, ili dunia isimtazame akihangaikiwa. Daktari wa timu, Morten Boesen, alipofika Eriksen alikuwa bado anapumua. Muda mfupi baadaye moyo ukasimama. Wakaanza kubonyeza, mashine ikaletwa, mshtuko mmoja ukatosha. Alitolewa uwanjani akiwa na fahamu.

Tofauti kati ya mshtuko mmoja wa Copenhagen na mishtuko 15 ya London haiwezi kuelezwa kwa kasi peke yake. Kila moyo una ugonjwa wake. Lakini mwaka 2021 hakuna aliyehitaji kuomba apishwe kutoka jukwaani. Kila mtu alikuwa na nafasi yake na alijua la kufanya. Eriksen alipandikizwa chini ya ngozi kifaa kidogo kinachoulinda mdundo wa moyo na kuushtua ukikosea. Kanuni za Italia zilimzuia kuendelea kuchezea Inter akiwa nacho, akahamia Brentford mwanzoni mwa 2022, na Juni 16, 2024, akaifungia Denmark bao dhidi ya Slovenia katika fainali za Ulaya zilizofuata.

Je, wagonjwa hawa wangeweza kugunduliwa mapema? Wengine, ndiyo. Nwankwo Kanu alitoka na medali ya dhahabu ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, na alipofika Inter vipimo vya klabu vikaonyesha kasoro kwenye vali ya moyo wake. Alifanyiwa upasuaji mwaka huohuo, akarudi uwanjani mwaka uliofuata, akacheza kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2000 akaanzisha taasisi inayosaidia watoto wa Afrika kupata upasuaji wa moyo. Kugunduliwa kwake Italia hakukuwa ajali: tangu mwaka 1982 nchi hiyo inawalazimu wanamichezo wa mashindano kupimwa, pamoja na kipimo cha umeme wa moyo. Katika mkoa wa Veneto, vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana vilishuka kutoka 3.6 hadi 0.4 kwa kila 100,000 kwa mwaka katika kipindi cha robo karne. Lakini Muamba naye alikuwa amepimwa. Kipimo hupunguza hatari. Hakiondoi haja ya kuwa tayari uwanjani.

Kwa wakimbiaji wa umri wa makamo hali ni tofauti kidogo. Baada ya miaka 35, sababu kubwa huwa mishipa ya moyo iliyojengeka mafuta kwa miaka mingi, ikisaidiwa na shinikizo la damu, kisukari na sigara. Jim Fixx, Mmarekani ambaye kitabu chake cha mwaka 1977 kiliwaingiza maelfu ya watu barabarani kukimbia, alikufa akikimbia Vermont mwaka 1984 akiwa na miaka 52. Mishipa yake mitatu ilikutwa imeziba kwa asilimia 95, 85 na 70. Baba yake alikuwa amekufa kwa moyo akiwa na miaka 43, na miezi michache kabla ya kifo chake Fixx alikuwa amekataa kupimwa moyo akiwa mazoezini. Kukimbia hakukumuua, pengine kulimwongezea miaka. Kilichomponza ni kuamini kwamba mtu anayekimbia hana haja ya daktari.

Huku Afrika Mashariki liko jambo jingine la kuongeza: homa ya baridi yabisi, inayofuata maambukizi ya koo kwa watoto yasiyotibiwa, huacha vali zilizoharibika, na mtoto akakua na kucheza mpira bila mtu kujua. Kwa hiyo zipo dalili ambazo kocha wa shule, mwalimu wa mchakamchaka au kiongozi wa klabu ya jogging hapaswi kuzipuuza. Kijana anazimia katikati ya zoezi. Mwingine kifua kinambana kila anapoongeza kasi. Mwingine anachoka na kuhema kuliko wenzake wa rika moja, au moyo unamwenda mbio ovyo bila sababu. Mwingine ana ndugu wa damu aliyekufa ghafla kabla ya miaka 50. Kuzimia mtu akiwa bado anakimbia ni hatari kuliko kuona kizunguzungu baada ya kusimama, na anayezimia hivyo asirudi mazoezini kabla ya kuonwa na daktari. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, lakini safari huanzia kwenye kituo cha afya cha karibu, kwa kusikilizwa moyo na kupimwa presha.

Viwanja vyetu navyo vimeshuhudia. Desemba 4, 2016, katika uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, Ismail Mrisho Khalfan wa timu ya vijana ya Mbao FC ya Mwanza alifunga bao dhidi ya Mwadui katika ligi ya vijana. Muda mfupi baadaye alianguka, na hakuamka tena. Alikuwa na miaka 19.

Anayezifahamu mechi za ndondo na bonanza za Jumapili anajua kinachofuata mtu akianguka hivyo. Watu humzunguka mpaka hewa hakuna. Mmoja anamwagia maji, mwingine anahangaika kumtia kijiko kati ya meno kwa hofu kwamba atameza ulimi, wa tatu anasema ni kifafa, na sauti ya pembeni inataja jini. Moyo unaposimama, mwili unaweza kutikisika kidogo na koo likakoroma kwa vipindi, na hapo ndipo wengi hudanganyika wakidhani anapumua. Kisha hubebwa juujuu hadi kwenye bodaboda. Nia zote ni njema, na dakika zote zinapotea.

Kinachotakiwa ni kifupi. Mtu akianguka bila kuguswa, haitikii anapoitwa na hapumui kawaida, chukulia kwamba moyo umesimama. Mmoja apige simu na kutafuta usafiri. Mwingine aanze kubonyeza papo hapo. Mgonjwa alale chali mahali pagumu, viganja viwili vipandane katikati ya kifua, mikono inyooke, kifua kishuke sentimita 5 hadi 6 na kiachwe kirudi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ni kazi nzito, kwa hiyo wapokezane kila baada ya dakika mbili. Ikiwapo mashine ya kushtua moyo, iwashwe na kufuatwa. Yenyewe hutoa maelekezo kwa sauti, huusoma mdundo, na haitoi umeme kwa moyo usiouhitaji. Mwaka 2013 FIFA iliyatumia mashirikisho yake yote wanachama mkoba wa dharura wenye mashine hiyo. Mashabiki na viongozi wa vilabu wana haki ya kuuliza mikoba hiyo iko wapi siku za mechi, na ni nani amefundishwa kuifungua.

Muamba hakucheza tena. Agosti 2012, kwa ushauri wa madaktari, alistaafu akiwa na miaka 24, kifaa kikiwa kimepandikizwa kifuani. Aliingia darasani, akapata shahada ya uandishi wa habari wa michezo katika Chuo Kikuu cha Staffordshire, na baadaye akageukia kufundisha vijana mpira. Pia aliungana na waliodai kwamba kila mtoto wa shule afundishwe kuokoa mtu ambaye moyo wake umesimama. Tangu Septemba 2020 somo hilo ni la lazima katika shule za sekondari za serikali nchini England.

Ligi za kata hazina haja ya kusubiri sheria ya bunge. Kabla ya kila msimu hukaa kikao cha kupanga ratiba, waamuzi, jezi na zawadi ya bingwa. Kikao hichohicho kinaweza kumwalika muuguzi wa zahanati ya jirani kwa mchana mmoja, awafundishe makocha, manahodha na waamuzi kubonyeza kifua kwa kutumia mto kama hakuna sanamu ya mazoezi. Kinaweza kuandika kwenye fomu ya kila mechi majina ya watu wawili wa kila timu watakaobonyeza, namba ya simu ya kituo cha afya, na gari litakaloegeshwa karibu na uwanja likiwa na mafuta. Klabu za jogging zinaweza kufanya hivyo Jumamosi hii, kabla ya kuanza kukimbia.